Chauro ya Idi: kila kitu kikaangwe peke yake

Shoga uliyeuliza kwa nini chauro yako (ule mchanganyiko wa kutafuna wa dengu, njugu, mbatata na tambi za kukaanga) inalainika siku ya pili, na vipi uipe ladha mbalimbali bila ya kupika mara nne: mimi nipo Chake Chake, Pemba, na kwetu chauro ya Idi na ya maulidi ni kazi yangu. Nakupa ninavyofanya.

Umesema njugu, dengu na mbatata unazitia karai moja. Tatizo lipo hapo. Mbatata imejaa maji, njugu ni kavu. Ukingoja mbatata ikauke, njugu zishaungua. Ukitoa mapema, mbatata inabaki na maji ndani na usiku kucha inawagawia wenzake. Kila kitu kikaangwe peke yake, kipoe peke yake, halafu ndiyo vikutane.

Dengu za kuvunja, robo kilo, naziroweka usiku pamoja na magadi soda kidogo, ncha ya kijiko cha chai tu. Asubuhi nazichuja, nazitandaza juu ya kanga kuukuu mpaka ukizishika hazigandi mkononi. Mafuta yawe ya moto hasa, na utie kidogo kidogo maana povu linapanda na likimwagika jikoni ni balaa. Mwanzo karai linapiga kelele. Baadaye vipovu vinapungua, kelele inafifia, dengu zinaelea. Toa wakati huo huo. Ukitaka ziwe za kahawia utavunja watu meno.

Mbatata nazikwaruza, nazikosha mpaka maji yasitoke meupe tena, kisha nazikamua kwa kitambaa. Wanga ukibaki zinashikana na kupiga weusi kabla hazijakauka. Njugu zikaange na maganda yake membamba, moto mdogo, uzitoe kabla hujaridhika nazo, kwani hata nje ya mafuta zinaendelea kuiva. Tambi za dengu, kama una mashine, unga uukande na vijiko viwili vya mafuta ya moto. Kama huna, kanunue, wala usijione mvivu.

Wengine hutia konfleksi. Mimi nikipata pepeta, yaani mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, naipendelea zaidi: naipeta makapi, naianika juani mpaka ikauke kabisa, naiweka kwenye chujio la chuma na kuizamisha kwenye mafuta ya moto sekunde chache tu, basi. Ina utamu wa mpunga mchanga ambao konfleksi haina.

Chumvi kila kitu kipate kikiwa bado cha moto, maana kikishapoa haishiki, inabaki chini ya bakuli.

Sasa ladha. Changanya vyote, gawa mafungu, na kila fungu lipate viungo vikavu tu. Maji ya ndimu, thomu ya kusaga, pilipili mbichi, hivyo vyote ndivyo vinavyokulainishia. Ukali wa ndimu upate kwa ndimu ya unga, au unga wa ubuyu, ambao mimi naupenda zaidi kwa kuwa uchachu wake ni wa pole. Upepete kwa chujio laini kwanza. Fungu la ubuyu natia pilipili ya unga na sukari ya kusaga. Watoto huanza nalo hilo. La pili ni la majani ya mchuzi: nayakaanga kwenye vijiko viwili vya mafuta mpaka yakatike kwa vidole, nazima moto, natia manjano na uzile (bizari nyembamba) uliosagwa, namimina juu ya chauro na kugeuza upesi. La tatu ni pilipili manga na korosho, kwa wazee wasiotaka mambo mengi. Nazi pia inafaa, ila ikatwe vipande vyembamba na ikaukie kwenye moto mdogo. Ikibaki na unyevu kidogo tu inachacha.

Hewa yetu ya pwani haina huruma, masika ndiyo usiseme. Ipoe kabisa, tandaza juu ya karatasi inyonye mafuta, kisha ndoo yenye mfuniko wa kubana. Ikiwa bado ina uvuguvugu ukaifunika, mvuke unarudi ndani na kazi yote imekwenda. Ikilainika kidogo, irudishe kwenye karai kavu, moto mdogo, ukiigeuzageuza.

Zabibu kavu usiziweke ndoo moja na chauro, zina maji yake. Zitie unapopakua sahanini.