Jumamosi za Matope: Haya Nayo ni Masomo?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko kidato cha pili katika shule moja hapa Jinja. Muhula huu wamepelekwa Jumamosi tatu kuzibua mifereji ya chemchemi ya mtaa na kuopoa magugumaji ufukweni mwa ziwa, na sasa tumeombwa mchango ili wapelekwe kulitazama bwawa la umeme. Anarudi ametapakaa matope, hata vitabu havifungui. Enzi zetu mwanafunzi alipewa jembe alipokosa adabu. Je, haya ni masomo, au shule imejipatia vibarua wa bure?
Mzazi, Walukuba

JIBU: Ndugu mzazi, kutoka nje ya darasa si uzushi wa mwalimu wa binti yako. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi aoneshe anachoweza kukifanya kwa yale aliyojifunza. Kazi za muhula hadi muhula, miradi ikiwemo, huchangia asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa Baraza la Taifa la Mitihani. Kundi la kwanza kupimwa hivyo lilifanya mtihani mwaka 2024. Kwa hiyo Jumamosi zile huenda zikawa sehemu ya alama zake, lakini hilo halitoshi kuzifanya ziwe masomo.

Kinachoamua ni kilichofanyika darasani kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Tuitazame chemchemi hiyohiyo. Mwanafunzi aliyetumwa na swali atapima muda wa kujaa kwa dumu la lita 20. Likijaa kwa sekunde 40, atajua kwamba chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika, yaani madumu 90 kwa saa, na akikuta foleni ya madumu 200 alfajiri ataelewa kwa hesabu yake mwenyewe kwa nini baadhi ya wenzake huchelewa shuleni. Atapanda juu ya chemchemi apime umbali hadi choo kilicho karibu, ambacho hushauriwa kisiwe chini ya mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, kisha atawaandikia viongozi wa mtaa barua inayoeleza alichokiona na anachopendekeza. Humo mna hisabati, jiografia, biolojia na uandishi, na matope yake ni halali kabisa. Mwombe binti yako daftari lake. Ukikuta vipimo, michoro na maswali, basi anasoma. Ukikuta kurasa tupu, malalamiko yako ni ya haki nami nayaunga mkono, kwa sababu kuzibua mfereji bila kujua kwa nini unaziba ni kibarua tu.

Kuhusu jembe la adhabu, nakuelewa, kwani wengi wetu tulilishika kwa aibu na aibu hiyo haijatutoka. Hata hivyo, kabla shule hazijaligeuza jembe kuwa fimbo, wazee wetu walikuwa na bulungi bwansi, kama wanavyouita Waganda, ambapo watu wa kijiji walitoka pamoja kufyeka njia na kusafisha visima, na hakuna aliyedhani kwamba ameadhibiwa. Mwalimu anayewatuma watundu peke yao kwenye mfereji huku watulivu wakibaki kusoma anairudisha adhabu ileile kwa jina jipya.

Suala la magugumaji linanitia wasiwasi zaidi kuliko yote uliyoandika. Katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama hana kidonda. Hakuna alama inayostahili hatari hiyo. Waulize walimu kama watoto wanavaa gambuti na glavu, na kama jibu ni hapana, mkataze binti yako kuingia majini na uwaeleze wazazi wengine sababu.

Safari ya bwawani naiunga mkono. Bwawa la Nalubaale lilifunguliwa mwaka 1954, likayafunika maporomoko ya Ripon, na mtoto wa Jinja hana haja ya kulisoma kitabuni tu ilhali liko mjini kwake. Akilifika atajifunza pia jinsi magugumaji yaleyale yanavyousumbua uzalishaji wa umeme. Ila kabla ya kulipa, uliza watakaoshindwa kuchanga watafanywaje, kwa kuwa si haki mtoto akose somo kwa sababu ya nauli.

Na ikiwa kuna Jumamosi ya nne, fuatana naye hadi chemchemini: wewe ushike saa, yeye ahesabu madumu.