Ukiuliza "umepataje?", wanafuta

Kwa miaka mingi ya kufundisha hisabati nilikuwa nikipita kati ya madawati, nainamia daftari la mwanafunzi na kumuuliza, "Hii umeipataje?" Kabla sijamaliza, ameshashika kifutio, anafuta. Mara nyingi jibu lilikuwa sahihi.

Nilichelewa kugundua kwamba mwalimu wao wa kufuta ni mimi. Aliyepata nilimpigia vema nikapita. Aliyekosa ndiye niliyemhoji. Basi darasani kwangu "umepataje?" ilimaanisha "umekosa".

Watoto hulisoma darasa kabla ya kusoma hesabu. Mwaka 1980 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Grenoble, Ufaransa: meli ina kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya wanafunzi 97 wa shule ya msingi, 76 waliutaja umri huo kwa kukokotoa namba hizo. Hawakuwa wajinga. Walishazoea kwamba swali la mwalimu halikosi jibu, na namba zikionekana ni za kutumiwa.

Nilianza kumuuliza aliyepata kwa sauti ileile ninayomuulizia aliyekosa. Hiyo sauti ndiyo kazi, uso wangu hunisaliti hadi leo. Kisha nikajifunza kunyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima katika vipindi vya sayansi akaona walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu; waliposubiri 3, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakachangia. Mbele ya ubao sekunde 3 ni ndefu kweli. Mimi huzihesabu kwa vidole, mikono nyuma.

Siku moja mwanafunzi aliandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Zamani ningemsahihisha papo hapo. Safari hii niliuliza tu, "Mnasemaje?" Kimya. Kisha msichana wa dawati la nyuma akasema, "Lakini 2/5 haifiki nusu. Tulikuwa na nusu, tukaongeza, mbona imepungua?" Aliyeandika akautazama ubao, akacheka. "Nimejumlisha mpaka asili, zile namba za chini!"

Ukitaka kujaribu, anza na majibu sahihi, tena ukubali kufanya maswali machache kwa kipindi. Wiki za mwanzo watafuta tu. Mimi ilibidi niagize vifutio vyote vikae ndani ya mikebe mpaka kengele ilie.