Kwa nini niliamka saa nane za usiku

Mwanangu Kabula,

Wangaluka, mama. Sisi huku wazima. Mvua za vuli zimeanza na ziwa lina mawimbi, ila nyumbani ni salama.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona swali lako haliwezi kujibiwa kwa simu ya dakika tano. Unauliza kwa nini mwaka ule wa korona, baba yako mtu mzima mwenye presha, nilikuwa naamka saa nane za usiku kusikiliza jazi inayopigwa New York, wakati asubuhi ningeikuta ile ile imehifadhiwa mtandaoni inanisubiri. Na kwa kuwa tabia hiyo sijaiacha, unataka kuninunulia spika nzuri na kunilipia huduma ya muziki kila mwezi, nisikilize mchana na usiku nilale.

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya muziki wenyewe. Ya pili hukuwahi kuambiwa, kwa sababu mama yako alinikataza.

Unajua nilianza kazi katika banda la fundi redio pale Kirumba, hapa Mwanza, nikiwa kijana. Redio ikishapona lazima uijaribu, na masafa mafupi hushika vizuri usiku. Ndivyo nilivyomkuta Willis Conover wa Sauti ya Amerika. Kipindi chake cha jazi alikianza mwaka 1955, akakiendesha mpaka alipofariki mwaka 1996. Alitamka Kiingereza polepole, kila neno limekamilika, hata mimi niliyeishia darasa la saba nilimfuata. Wakati huo kila mtu hapa alijua majina ya bendi zetu: Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na huku kwetu kanda ya ziwa, Shirati Jazz ya D. O. Misiani. Muziki wao ni wa dansi, naupenda mpaka leo, na mama yako nilimpatia kwenye dansi. Lakini ile ya Conover ilinikamata kwa jambo jingine. Nilisikia watu wanajibizana. Mwenye saksafoni anatoa hoja, mwenye piano anaipokea na kuipindua, mwenye dramu anakataa, mwenye besi anawapatanisha, na hakuna aliyeandikiwa la kusema. Usiku ule ule, wimbo ule ule ukirudiwa, mazungumzo yanakuwa mengine.

Sasa njoo Machi 2020. Tarehe 16 waziri wa afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Kesho yake shule zikafungwa na mikusanyiko ikasitishwa. Dansi za mwisho wa wiki zikasimama, kumbi zikafungwa, na wapiga muziki niliowafahamu wakaanza kuuza nyanya na mkaa ili wale. Huko kwa wenzetu ilikuwa mbaya zaidi, na habari zilinijia mfululizo. Tarehe 24 Machi Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni, alifariki Ufaransa. Tarehe 31 Wallace Roney, mpiga tarumbeta aliyesimama ubavuni mwa gwiji wa tarumbeta, Miles Davis, kwenye tamasha la Montreux, Uswisi, mwaka 1991. Kesho yake, tarehe 1 Aprili, Ellis Marsalis, mpiga piano wa New Orleans. Tarehe 15 Aprili, Lee Konitz, ana miaka 92, mtu aliyepiga saksafoni na Miles tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Wote hao ni korona. Ellis nilimlilia kuliko wengine. Alikuwa mwalimu, na wanawe wanne wamekuwa wapiga jazi. Wawili kati yao, Wynton na Branford, dunia nzima inawajua. Nilifikiria jinsi baba kama huyo anavyozikwa watoto wakiwa wamekatazwa hata kukusanyika.

Kumbi za New York zilipofungwa, wanamuziki wakaanza kurekodi kila mmoja kwao. Mwenye besi anarekodi jikoni, anamtumia mwenye dramu, naye anaongeza yake, mwishowe wote wanaonekana kwenye kioo kimoja, kila mtu katika kisanduku chake. Watu walizisifu sana video hizo. Mimi kama fundi nilisikia kilichopungua, na nitakueleza, maana ndiyo kiini cha swali lako.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Besi na dramu wakikaa mita tatu mbalimbali, mmoja humsikia mwenzake baada ya kama sehemu tisa za elfu moja ya sekunde. Sikio halioni tofauti hiyo. Lakini ucheleweshaji ukifika sehemu 25 au 30 za elfu, wapigaji huanza kusubiriana bila kujijua, na mwendo wa wimbo unapungua. Intaneti kutoka mji mmoja hadi mwingine, pamoja na mashine za kuigeuza sauti na kuirudisha, mara nyingi huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo hawakuweza kupiga pamoja kwa wakati mmoja, ikabidi warekodi kwa zamu. Na anayerekodi juu ya kilichokwisha rekodiwa anaweza kumjibu aliyetangulia, ila yule aliyetangulia hawezi tena kumjibu yeye. Mazungumzo yanakuwa ya upande mmoja. Vidole vilikuwa hodari, sauti ilikuwa safi, na mimi sikupata nilichokuwa nakitafuta.

Ndipo nikawagundua wale waliokaa chumba kimoja. Kijana mmoja mpiga piano, Emmet Cohen, alianza mwaka ule kurusha muziki kila Jumatatu kutoka nyumbani kwake Harlem, New York, yeye na mwenye besi, Russell Hall, na mwenye dramu, Kyle Poole. Sebule ya kawaida, piano imebanwa ukutani. Kwao ilikuwa saa moja na nusu jioni, kwetu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Nilikuwa nanunua bando la usiku kwa kuwa ni nafuu, naweka simu ndani ya bakuli la kauri ili sauti inenepe, na kusikiliza gizani.

Unasema ningeweza kusubiri asubuhi. Kabula, asubuhi wimbo ulikuwa umekwisha. Namaanisha kwamba kuna mtu tayari anajua ulivyoishia. Saa nane na nusu usiku, Cohen anapoacha njia ya wimbo na kushika nyingine, hakuna mtu duniani anayejua atatokea wapi, hata yeye mwenyewe, na mimi niliyeko Mwanza niko sawa na aliyeko Harlem katika kutokujua huko. Mwaka ule kila nililoletewa lilikuwa limekwisha kutokea. Fulani amefariki. Fulani wamemzika jana. Nilihitaji kukaa karibu na kitu ambacho bado kinatokea.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Sasa ya pili.

Wewe ulikuwa Dodoma na mtoto mchanga, na mama yako akaniapisha nisikwambie. Kuanzia Aprili alikuwa zamu ya usiku wodini. Tulikuambia amepewa likizo kwa sababu ya umri, haikuwa hivyo. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, na waliokuwa na uzoefu wa wagonjwa wa kifua hawakuwa wengi. Anaondoka saa kumi na mbili jioni, anarudi baada ya jua kuchomoza. Nguo anaziacha kwenye ndoo ya sabuni pale barazani, anaoga maji ya moto, analala chumba chako. Kwa muda mrefu tulikula kila mtu meza yake. Kufikia mapema Mei idadi ya wagonjwa iliyotangazwa ya nchi nzima ilikuwa 509, na baada ya hapo takwimu hazikutolewa tena kwa muda mrefu. Mimi nilisoma hali ya mji kwenye uso wake akivua viatu.

Usiku nisingeweza kulala hata kama dunia isingekuwa na jazi. Kwa hiyo ukiniuliza nilikuwa nafanya nini saa nane za usiku, nilikuwa namsubiri mama yako. Saa nane mpaka saa kumi ndizo saa alizokuwa akiniambia kuwa wagonjwa huzidiwa. Nilitaka niwe macho saa hizo, na nilitaka niwe na watu walio macho kwa kazi, kama yeye.

Juni ukumbi wa Village Vanguard ukaanza kurusha maonyesho yake. Upo chini ya ardhi kule Manhattan, tangu mwaka 1935, unaingiza watu 123 tu, na John Coltrane, mpiga saksafoni, alirekodi humo mwaka 1961. Sasa viti vyote vilikuwa vitupu, kiingilio unalipa mtandaoni. Waliofungua ni kundi la Billy Hart, mpiga dramu mwenye miaka 79, ambaye katika kundi la mpiga piano Herbie Hancock mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliitwa Jabali. Hancock mwenyewe alijiita Mwandishi, na mwenye besi, Buster Williams, aliitwa Mchezaji. Mjomba wako alinilipia kwa kadi yake ya benki, nikamrushia hela kwa simu. Najua ulishangaa ulipoambiwa nimelipa dola wakati huku mafundi tulikaa wiki nzima bila mteja. Lakini mzee yule alikuwa amekosa kazi kama mimi, na alikuwa anafanya kazi usiku ule. Anayefanya kazi analipwa. Wimbo ulipoisha hapakuwa na wa kupiga makofi ukumbini. Nilipiga mimi, sebuleni, peke yangu, na sioni aibu kukwambia.

Usidhani nazidharau rekodi. Nimeishi kwa kuzitengenezea mashine. Septemba ya mwaka ule ule ilitoka rekodi ya mpiga piano Thelonious Monk ambayo ilikuwa haijawahi kutolewa: alipiga mwaka 1968 katika shule ya sekondari ya Palo Alto, California, kwa mwaliko wa mwanafunzi wa miaka 16. Aliyeirekodi ni mhudumu wa usafi wa shule, ambaye aliahidi kuitengeneza piano iwe sawa akiruhusiwa kurekodi. Nampenda mtu huyo kama ndugu. Na asubuhi moja mama yako aliporudi akiwa hawezi hata kuongea, nilimwekea Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu. Inaanza kwa shairi la Langston Hughes, na anayelisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini. Mama yako alikaa kwenye kizingiti, mbali na mimi kama alivyojiwekea, akasikiliza upande mzima. Kisha akasema niirudie. Mpaka leo ndiyo jazi pekee anayoiomba mwenyewe.

Dansi zilirudi hapa mapema, katikati ya 2020, lakini mama yako alisema nisiende, na mimi neno lake katika mambo ya ugonjwa silipingi. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Sisi tukachanjwa mara ilipofika Mwanza. Baada ya hapo ndipo tulipotoka, tukaenda hotelini ufukweni, sehemu ya wazi, upepo wa ziwa unapita. Bendi ya vijana. Mwenye saksafoni alijifunzia kanisani, unamsikia kwa jinsi anavyovuta pumzi. Walikuwa wanapiga wimbo wa zamani wa Mbaraka umeme ukakatika. Solo ikanyamaza, besi ikanyamaza, kinanda kikanyamaza. Saksafoni na dramu havihitaji umeme, kwa hiyo wale wawili wakaendelea, na kwa kuwa hawakuwa na wa kuwafunika, wakaanza kuzungumza. Kijana wa dramu akaacha kabisa mwendo wa rumba akawa anamjibu mwenzake kwa vijiti kwenye ukingo wa ngoma. Mwenye saksafoni akamgeukia. Pale walikuwa wamesahau wimbo na wamesahau na sisi. Watu waliokuwa wameketi mbalimbali wakaanza kuvuta viti ili wasikie. Mama yako ndiye aliyevuta wa kwanza, yeye aliyenilisha meza ya peke yangu. Jenereta lilipowaka nilisikitika.

Kwa hiyo mama, huduma ya muziki nilipie, nitaitumia. Kuna mambo mengi ya mpiga piano Mary Lou Williams sijayapata. Ila spika usinunue. Hela hiyo iweke nauli. Tamasha la muziki la Sauti za Busara hufanyika Zanzibar kila Februari, na mama yako ameshastaafu, hana tena zamu ya kuombea ruhusa. Twende watatu na mtoto. Niambie likizo yako inaanza lini ili niulize mapema bei ya ndege kutoka hapa, maana zikikaribia hupanda.

Baba yako