Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, mbona ugali na maji vinanikataa?

SWALI: Miezi mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi. Uzito unashuka vizuri, ila kula kumekuwa mtihani. Nikila ugali, hata matonge mawili, unanikwama kifuani, mate mazito yanajaa kinywani, mwishowe natapika. Nikinywa maji ili ushuke ndiyo mambo yanazidi. Juzi nilikunywa glasi ya juisi ya miwa; haikupita nusu saa moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, nikaharisha. Je, kuna kitu kimeharibika ndani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole, dada yangu. Nikisoma maelezo yako sidhani kuna kilichoharibika, ingawa kuna jambo moja la kuangaliwa, nitalitaja mwishoni. Unayoyapata yanatokana zaidi na namna unavyokula na kunywa kuliko kiasi unachokula.

Tuanze na maji. Katika baipasi, daktari hutenga mfuko mdogo juu ya tumbo na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo. Mfuko huo unabeba takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Tonge likiziba njia ya kutokea, maji unayoongeza hayana pa kwenda ila kurudi juu. Na hata siku ambayo njia iko wazi, maji hukisukuma chakula utumboni haraka, ukashtukia una njaa tena. Kwa hiyo unapokaa kula, weka glasi mbali, na usiiguse mpaka nusu saa ipite baada ya kumaliza. Muda mwingine wote, kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, ufikishe angalau lita moja na nusu. Chupa ya nusu lita ikiisha mara tatu, umefika. Soda na vinywaji vyote vyenye gesi achana navyo.

Sasa ugali. Sisi ugali hatuutafuni. Tunafinyanga tonge, tunachovya kwenye mchuzi, tunameza. Tumbo la zamani lilikuwa likilisaga. Huo mfuko mdogo hauna nguvu hiyo, na njia aliyoishona daktari ni nyembamba. Chapati, mkate laini na nyama kavu ya kuchoma vina tabia hiyohiyo. Sikukatazi ugali maisha yako yote, ila kwa sasa uache usubiri, maana pia unachukua nafasi ya protini, na unahitaji kama gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo uone kazi iliyopo! Anza kila mlo na samaki laini aliyechambuliwa miba, mayai, maziwa lala yasiyo na sukari, au pojo zilizopondwa. Tumia kisahani na kijiko cha chai, tafuna mpaka kiwe kama uji, upumzike kati ya kijiko na kijiko. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Wengi hupata ishara kabla ya kukwama: kwikwi, mafua ya ghafla, au kifua kubana. Ukiiona, weka kijiko chini hata kama kimebaki kidogo, na mama mkwe akinung'unika mwache anung'unike.

Juisi ya miwa ni habari nyingine. Sukari nyingi inamiminika utumboni kwa mkupuo, inavuta maji kutoka mwilini, ndiyo maana ya jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Kuna wanaopatwa baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula: mikono inatetemeka na njaa inauma, kwa sababu insulini imetoka nyingi na kushusha sukari ya damu kupita kiasi. Uji wa sukari, chai ya vijiko vitatu na halua vinaweza kufanya hivyohivyo. Chai yenyewe, hata bila sukari, usiinywe pamoja na kidonge cha madini ya chuma, inazuia kisifyonzwe. Vidonge vya kalsiamu navyo vitenganishe na vya chuma kwa saa mbili.

Lile jambo la kuangaliwa ni kiungio, yaani pale mfuko uliposhonwa na utumbo. Katika miezi hii ya mwanzo kinaweza kusinyaa. Ukianza kutapika hata vyakula laini vilivyopondwa, au maji matupu hayakai, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kwa daktari aliyekupasua, akuchungulie kwa kamera. Kusinyaa huko kwa kawaida hupanuliwa bila kukupasua tena. Kutapika mfululizo pia humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu wake hudhuru mishipa ya fahamu na ubongo, kwa hiyo mwambie umetapika kwa siku ngapi.