Kabla hujakariri hizo wiki, uliza zinahesabiwa kutoka wapi

Usilinunue hilo jedwali la wiki za ukuaji wa mfumo wa neva wa mtoto tumboni! Salamu baadaye. Picha uliyoweka nimeikuza mpaka mwisho, dada, na ni lile lile nililosomea mimi, hata kosa la tahajia kwenye "notokodi" halijarekebishwa. Anayeliuza alikuwa mwaka wa nne wakati mimi niko wa pili, akitutegea fotokopi nje ya lango la chuo. Sasa kahamia kwenye kundi la WhatsApp, shilingi mia mbili, na unauliza kama litakutosha kwa mtihani wa mfumo wa neva wiki ijayo. Litakutosha kufeli.

Lisome polepole. Wiki ya 3, bamba la neva, lile tabaka bapa linalozaa ubongo na uti wa mgongo. Wiki ya 5, ubongo una vifuko vitano. Wiki ya 6, mrija wa neva, yaani bamba hilo likishajikunja, umefungwa pande zote mbili. Yaani ubongo umeshagawanyika vifuko vitano huku mrija wenyewe ungali wazi? Hicho si kiinitete, hilo ni jengo la Nairobi: ghorofa ya tano wapangaji wameshahamia, msingi ndio kwanza unamwagwa zege.

Jamaa alinakili huku na huku bila kuuliza. Darasani, embriolojia huhesabiwa tangu utungisho, siku yai na mbegu zilipokutana. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe mama anayoweza kuitaja. Zinapishana kama wiki mbili. Ile 3 na ile 5 kazitoa darasani, ile 6 kaitoa kliniki, kisha kazipanga kwenye safu moja na kuipigia mstari kwa rula. Rula alikuwa nayo, huyo!

Na kinachoniuma ni kwamba habari ya kutoa wiki mbili nilikuwa naijua. Swali letu la insha, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa hivi: mama mwenye mzunguko wa siku 28 amefika kliniki akiwa na wiki 6 tangu hedhi ya mwisho, hajawahi kumeza vidonge vya foliki asidi (vitamini), anaanza leo. Je, vidonge vitamkinga mtoto na mgongo wazi, kasoro ya uti wa mgongo? Nikatabasamu. Sita toa mbili, nne. Jedwali linasema mrija hufungwa wiki ya 6. Nikaandika kwa madaha yote, na mshale nikauchora, kwamba mama ana wiki mbili za akiba. Karatasi ikarudi na neno moja la wino mwekundu: "Akiba?" Wenzangu wakapanda magari ya kwenda kwao likizo, mimi nikabaki Nairobi na ada ya sapu (mtihani wa marudio) na githeri ya hosteli. Angalau nilinenepa.

Sasa sikiliza. Karibu siku ya 18 tangu utungisho, seli za tabaka la nje zilizo juu ya notokodi, ufito laini unaopita katikati ya kiinitete, hupokea ishara kutoka kwake, zikanenepa, hilo ndilo bamba. Kingo zake zinainuka, katikati panazama mtaro, halafu kingo zinakutana. Kukutana huanza siku ya 22 hivi, sehemu itakayokuwa shingo, kisha kufunga kunaendelea kuelekea kichwani na kuelekea mkiani. Tundu la kichwani huziba siku ya 25 hivi, la mkiani siku ya 27 au 28. La kichwani lisipoziba, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haijengeki. La mkiani lisipoziba, ndio mgongo wazi.

Mrudie yule mama. Wiki 6 za kliniki ni siku ya 28 tangu utungisho. Hana akiba yoyote. Mrija umeshafunga au unafunga siku hiyo hiyo anayopokea vidonge. Hata siku aliyoona hedhi imechelewa ilikuwa kama ya 14 tu tangu utungisho, bamba lenyewe halijatokea. Ndiyo sababu mwanamke huambiwa aanze mikrogramu 400 kwa siku angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na ndiyo sababu tangu 2012 sheria ya Kenya inataka foliki asidi iwemo kwenye unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani. Wengi hufika kliniki mrija ulishafunga kitambo. (Yule mama ameze hata hivyo, damu yake inavihitaji. Ukiandika asimeze, tutakutana kwenye githeri.)

Kwa hiyo chukua kalamu. Kila namba ya wiki au siku kwenye notsi zako, iwe ya mhadhiri, ya kitabu au ya rafiki, iandikie herufi pembeni: U kama ni tangu utungisho, H kama ni tangu hedhi. Isiyo na herufi usiikariri, ifute au kamuulize mhadhiri. Kwenye mtihani fanya hivyo hivyo kwa swali kabla hujagusa jibu.

Uliuliza pia kuhusu seli za ukingo wa neva, kama uzichore au uzikariri. Hizo hutoka pale pale kingo zinapokutana, zikahama mbali, zikazaa neva za utumbo na hata seli za rangi ya ngozi. Vizuri, chora. Lakini hiyo wiki ya 4 uliyoziandikia, ni U au H?