Barua kwa mwanangu: Zisizozidi ngapi?

Mwanangu Nassor,

Wa alaykumu ssalaam. Swali lako la Jumapili sikulijibu kwenye simu kwa sababu Bibi yako alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na wewe ulikuwa umemtia ndani ya swali. Ulisema, "Mama, miaka 9 umetafsiri tamthilia za Kihindi. Hivi kuandikwa ovyo vile ni kosa la nani? Waandishi hawajui kazi, au ni akina Bibi wanaotazama chochote wanachowekewa?" Nikakwambia nitakuandikia. Nimechelewa siku 4 kwa kuwa nilitaka kukujibu sawasawa, maana na wewe umeitwa kwenye chumba cha waandishi wa tamthilia na mkataba bado hujautia saini.

Kwanza mtoe Bibi. Yule hatazami chochote anachowekewa. Juzi baada ya Isha alikuwa anachambua mchele huku anatazama, akaniambia bila kushtuka, "Huyu mimba yake sasa ina mwezi wa kumi na nne." Nikahesabu, nikakuta kweli. Anaona kila kitu. Anajua yupi alikufa ajalini akarudi na sura ya mtu mwingine, anajua ile barua iliyofichwa sandukuni imeshasahauliwa na waliotunga kisa. Anabaki pale kwa sababu ndani ya nyumba ile yuko mavyaa aliyeshika funguo za stoo, na yuko mkamwana asiyejua aketi wapi, na Bibi yako aliyaishi hayo miaka 11 kabla hajapata jiko lake mwenyewe. Hakuna kipindi kingine kwenye televisheni kinachomwonyesha jambo hilo. Mtu mwenye kiu akinywa maji ya kisima cha chumvichumvi, usimlaumu yeye kwa ladha ya kisima.

Sasa waandishi. Watu wengi wanadhani kuna mtu mmoja amekaa mahali na kalamu yake. Hayupo. Katika tamthilia ya Kihindi ya kila siku mtu mmoja hutunga kisa, mwingine hukipanga onyesho kwa onyesho, wa tatu huandika maneno ya wahusika. Mara nyingi hao ni watu mbalimbali, ndiyo maana majina yao hupita mbalimbali kwenye kioo. Juu yao yuko msimamizi wa ubunifu wa kampuni inayotengeneza, na juu ya huyo wako watu wa chaneli, ambao kwa kawaida ndio walioiagiza kazi na ndio wanaoimiliki. Kila mmoja ana ruhusa ya kufuta. Yule wa maneno, aliye mwisho wa foleni, anaweza kuwa anaandika asubuhi yale ambayo waigizaji watayasema mchana huohuo, kwenye studio za Mumbai ambako zamu ni ya saa 12. Sehemu moja ni dakika 20 na kitu, siku 5 kwa wiki, nyingine 6, na zipo zilizofika 7.

Ukitaka kujua wanavyoishi mkono kwa kinywa, kumbuka Machi 2020. Kazi za kurekodi zilisimamishwa India tarehe 19 mwezi ule kwa sababu ya korona. Mwezi haukuisha, chaneli kubwa zikawa zinarudia sehemu za zamani, maana akiba iliyokuwapo ilikuwa ya siku chache tu. Tamthilia zilizokaa hewani miaka 10 hazikuwa hata na mwezi mmoja mbele yao. Televisheni ya taifa, Doordarshan, ikaitoa kabatini tamthilia ya Ramayan ya 1987, kazi ya Ramanand Sagar, na mamilioni ya watu wakakaa kuitazama.

Halafu kuna Alhamisi. Tangu 2015 shirika liitwalo BARC ndilo linalopima nani anatazama nini, kwa vifaa vilivyofungwa kwenye makumi ya maelfu ya nyumba, na hesabu zake zimezoeleka kutoka kila Alhamisi. Kabla yake walipima wengine, na hofu ilikuwa ileile. Hesabu hizo, TRP, ndizo zinazopanga bei ya matangazo. Zikishuka, kikao kinaitwa, na msichana aliyekuwa amebakiza siku 2 arudi shule anatekwa nyara. Mimi nimeyatafsiri mageuzi ya namna hiyo bila kuambiwa chochote. Nilikuwa nayaona kwenye karatasi tu: leo mhusika ana ndoto, kesho ana bastola.

Unalikumbuka lile daftari langu la jalada la kijani ulilodhani ni la madeni? Lilikuwa la nasaba. Niliandika humo nani kamuoa nani na nani kafa, ili nisikosee kumwita mtu shemeji kumbe ni mkwe. Kuna ukurasa nimeandika "mama yake amefariki", nikakata, nikaandika "yu hai, alifichwa", nikakata tena, hadi karatasi ikatoboka.

Na kuna sehemu moja siisahau. Mkamwana anapigwa kofi sebuleni. Kamera ikamrudia usoni mara 3, kila mara na mlio wa radi, kisha ikaenda kwa kila aliyekuwapo, watu 9, mmoja mmoja, kila mmoja na radi yake. Nilipima kwa saa: dakika 4 na nusu hakuna aliyetamka neno. Tafsiri yangu ya sehemu nzima ilijaza ukurasa 1 na robo. Lakini ndani ya ukurasa huo kulikuwa na jambo. Watu wanapotawanyika, mavyaa, ambaye ndiye aliyepiga, anamwambia mtumishi kwa sauti ya chini, "Mpelekee barafu. Usimwambie ni mimi."

Niliiweka kalamu chini. Aliyeyatoa maneno yale anawajua binadamu, anajua kiburi kinavyokaa chumba kimoja na huruma. Nikangoja kwa hamu karatasi za kesho yake. Kesho yake mavyaa yuleyule anatia sumu kwenye maziwa.

Kwa hiyo mtu asije akakwambia kwamba Kihindi hakina waandishi wa televisheni. Mwaka 1984 Doordarshan walirusha Hum Log, kisa cha familia ya kawaida yenye shida za kawaida: baba mlevi, mabinti wa kuozwa, pesa isiyotosha. Kiliandikwa na mtu mmoja, Manohar Shyam Joshi, mwandishi wa riwaya. Mwisho wa kila sehemu mwigizaji mkongwe Ashok Kumar alitokea akazungumza na watazamaji kuhusu yaliyotokea, kama mzee wa barazani. Sehemu zaidi ya 150, kikaisha. Mwaka 1986 Joshi huyohuyo akaandika Buniyaad, habari za familia moja ya Lahore iliyong'olewa na mgawanyo wa India wa 1947. Nayo ikaisha.

Kilichobadilika ni biashara. Chaneli za binafsi zilipoingia miaka ya 1990, hadithi ikawa kitu cha kushikilia saa fulani ya usiku, na saa haina mwisho. Tarehe 3 Julai 2000 chaneli ya Star Plus ilianza Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, iliyotengenezwa na Balaji Telefilms, kampuni ya Ekta Kapoor. Iliendelea miaka 8 na kupita sehemu 1,800. Mhusika Mihir alipouawa, watazamaji walilia na kulalamika hadi akarudishwa hai. Hapo nakubali kwamba watazamaji wana sehemu yao. Lakini kumlilia marehemu ni haki ya mfiwa. Aliyekwenda kufukua kaburi ni mwingine, na naamini tangu siku ile kifo kilikosa uzito katika tamthilia hizi.

Ile inayonihuzunisha zaidi ni Balika Vadhu. Chaneli ya Colors ilipoanza 2008 ilianza nayo: Anandi, mtoto wa miaka 8 anayeozwa huko Rajasthan, anaingia nyumba ya watu na wanasesere wake. Ile miezi ya mwanzo iliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Unamwona mtoto hajui kwa nini asicheze nje, unamwona bibi mkali wa nyumba ambaye na yeye alikuwa mtoto kama huyu. Kama wangeisimamisha Anandi alipokua na kusema hapana kwa kinywa chake, leo ningekupa uisome kama kitabu. Haikuachwa. Ilifungwa 2016, sehemu zaidi ya 2,000, ikiwa imemkamua yule mtoto mpaka hakubaki kitu. Mwaka huohuo, katika Sasural Simar Ka, iliyoanza 2011 na msichana anayetamani kucheza dansi, shujaa wa hadithi aligeuzwa nzi. Watu walicheka dunia nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimfikiria aliyepewa kazi ya kuandika maneno ya siku ile.

Nina ushahidi mmoja unaonitosha. Mwaka 2014 kampuni ya Zee ilifungua huko India chaneli ya Zindagi, ikawa inaonyesha tamthilia za Pakistani. Lugha wanaelewana, vyakula ni vilevile, na mavyaa ni yuleyule. Moja ya zile zilizopendwa sana ni Zindagi Gulzar Hai, sehemu 26, iliyoandikwa na mtu mmoja, Umera Ahmed, kutokana na riwaya yake mwenyewe. Binti anagombana na umaskini, na baba aliyewakimbia, na mume aliyezoea kupata kila kitu, na kila sehemu inakumbuka iliyotangulia. Watu wa India waliipenda sana. Zile za Pakistani ziliondolewa 2016 kwa ugomvi wa nchi mbili, si kwa kukosa wapenzi. Basi tusiseme tena kwamba mtazamaji anataka takataka. Aliwekewa kitu chenye mwisho akakipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo jibu langu, Nassor, ni mwenye chaneli. Yeye ndiye anayenunua hadithi na kuikatalia kuisha. Hakuna mwandishi, hata awe na kipaji gani, anayeweza kuandika vizuri kitu asichojua kinakwenda wapi, kwa sababu kila jambo jema katika hadithi hutengenezwa kwa kuutazama mwisho. Ukishauondoa mwisho, kinachobaki ni kuahirisha, na radi ni sauti ya kuahirisha. Wasimamizi walioko katikati nao wana dhambi yao, na wahenga walishasema nahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini nahodha wote wale wamepandishwa na mwenye chombo.

Waandishi wenyewe siwasafishi kabisa. Wapo waliozoea hadi wakawa wanatia sumu kwenye maziwa kabla hawajaambiwa. Ila pima hali yao: wanalipwa kwa kila sehemu wanayoandika, fedha mara nyingi huja siku 90 baada ya kazi kurushwa, na anayebisha anabadilishwa wiki hiyohiyo bila hadithi kusimama hata siku moja. Sheria ya hakimiliki ya India ilirekebishwa 2012 ili waandishi waendelee kupata fungu lao kazi zao zinapotumika tena, na mshairi Javed Akhtar alilipigania jambo hilo bungeni. Fungu ni haki yao. Lakini fungu halimpi mtu neno la mwisho juu ya alichokiandika.

Bibi yangu, mama wa Bibi yako, alikuwa akitusimulia ukumbini taa ikiwa imepunguzwa. Akimaliza alisema kila mara, "Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu niliyeihadithia." Nilikuwa mtoto, nikidhani ni maneno ya kutupeleka kulala. Nimekuja kuyaelewa nikiwa na lile daftari la kijani mkononi. Katika vile vikao vya Alhamisi hakuna hata mmoja anayeweza kuyasema. Yule wa kisa atasema maneno si yake, wa maneno atasema kisa si chake, mtengenezaji atasema chaneli, na chaneli itamtaja Bibi yako.

Sasa turudi kwenye mkataba wako. Ulinisomea kifungu kinachosema "sehemu zisizopungua 260". Mwanangu, waulize zisizozidi ngapi. Waulize nani ana idhini ya kubadili mwisho mkishaukubali, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ileile yenye jina lako. Waombe akiba ya sehemu 40 zilizokamilika kabla ya ya kwanza kurushwa. Watakwambia haijawahi kufanyika. Omba hivyohivyo, na kama watakupa 20, zichukue. Na ukiona unaandika neno ambalo mhusika wako hawezi kulisema, piga simu nyumbani hata usiku wa manane.

Bibi anakusalimu. Nilikuwa namsomea barua hii, akanisimamisha kwenye barafu. Akataka kujua mavyaa yule alifanya nini kesho yake. Nikamwambia, alitia sumu kwenye maziwa. Akanyamaza, akaendelea na mchele wake, kisha akasema, "Hapana, huyo mwingine. Namuuliza yule wa barafu."

Mama yako