Mtoto wa tajiri na mswagaji wa ng'ombe

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi mtu aliyezaliwa kwenye mali anaweza kuandika maisha ya mfanyakazi wa shamba yakawa ya kweli, au atabaki tu mgeni anayesimulia asichokijua. Mi nasema anaweza, na mtu wangu wa mfano ni Ricardo Güiraldes wa Argentina, ila nitasema pia pale alipokwama, maana nampenda huyu mwandishi na sitaki kumpamba.

Mali yao kwanza. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1886, baba yake Manuel Güiraldes ndo alikuja kuwa meya wa jiji hilo 1908 mpaka 1910, na familia ilikuwa na ranchi inaitwa La Porteña, ipo San Antonio de Areco, zaidi ya kilomita 100 kutoka Buenos Aires. Wazazi walimpeleka Paris akiwa bado mdogo kabisa, kwa hiyo Kifaransa na Kijerumani alivijua mapema sawa na lugha yake. Alipokua akaanza kusomea usanifu majengo akaacha, akaingia sheria nayo akaacha, alafu akazunguka dunia na rafiki yake mpaka India na Japani, na huko Paris alikuwa mmoja wa vijana wa Argentina waliowaonyesha watu wa juu jinsi dansi ya tango inavyochezwa. Ukiishia hapo utasema huyu si mtu wa kuandika kuhusu jasho la mtu yeyote.

Lakini sehemu kubwa ya utoto wake aliishi La Porteña, na pale ranchini kulikuwa na watu wanaofundisha farasi wabishi mpaka wakubali tandiko, na kulikuwa na waswagaji, wanaume wanaotoa ng'ombe mia kadhaa ranchi moja mpaka nyingine au mpaka sokoni, siku nyingi juu ya farasi, jua lao mvua yao. Mmoja wao alikuwa Segundo Ramírez. Mtu wa kweli kabisa, watu wa Areco walimfahamu, amefariki 1936. Huyu ndo Güiraldes alimwangalia tangu kijana, akamsikiliza hadithi zake usiku kwenye moto, akajifunza kwake kamba na hatamu, na miaka mingi baadaye akamweka kwenye kitabu kilichobeba jina lake, Don Segundo Sombra, kilichotoka 1926.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1915 alitoa vitabu viwili kwa mkupuo, kimoja cha mashairi na kingine cha hadithi fupi za vifo na damu za huko mashambani, havikununuliwa na wakosoaji wakamcheka, basi kwa uchungu akakusanya nakala zilizobaki akazitupa kisimani pale pale La Porteña. Mkewe Adelina del Carril ndo aliopoa baadhi, zimelowa. Mi hiki kisa nakipenda sana, maana hakuwa na njaa, angeweza kuacha kuandika akaishi vizuri tu na asingeulizwa na mtu, ila hakuacha. Don Segundo Sombra alianza kukiandika akiwa Paris na akakimalizia La Porteña miaka kadhaa baadaye, afya yenyewe imeshaanza kwenda. Kilichapwa hapo hapo San Antonio de Areco, kwenye mtambo wa Francisco Colombo. Leopoldo Lugones, mshairi mkubwa wa wakati huo, akakisifia gazetini La Nación na kitabu kikaondoka madukani haraka sana. Mwaka uliofuata, Oktoba 1927, Güiraldes akafa kwa saratani kule Paris akiwa na miaka 41. Mwili ukarudishwa, akazikwa Areco, na Ramírez naye alipokufa akazikwa makaburi hayo hayo.

Sasa kwa nini nasema aliweza. Kitabu kinasimuliwa na kijana ambaye hamjui baba yake, anakaa mjini kwa shangazi wawili asiowapenda, anazurura, anavua samaki mtoni, anawachekesha watu wa dukani ili apate sigara na soda. Jioni moja kuna mtu anapita juu ya farasi, mkubwa kupita kawaida, giza linaingia, kijana anamwona kama kivuli. Usiku ule ule kwenye duka la pombe kuna mlevi mmoja, Burgos, anamchokoza huyo mgeni mpaka watu wote wananyamaza, alafu anamvizia nje na kisu. Kijana anawahi kumtahadharisha mgeni. Burgos anamchoma kwa kisu kwa nguvu, mgeni anakwepa, kisu kinagonga ukuta wa matofali kinakatika. Hapo mwandishi mwingine angeweka damu, si ndo tunavyotegemea, lakini mgeni huyo, ndo Don Segundo mwenyewe, anaokota vile vipande, anamrudishia Burgos kwa adabu, anamwita rafiki na kumwambia akakitengeneze, maana kilivyo sasa labda hata mwanakondoo hakitachinja. Burgos anaishiwa nguvu, anaomba mkono. Kijana anaona yote na siku hiyo hiyo anaamua atamfuata huyu mtu popote, anatoroka usiku na farasi zake wawili.

Yaani mtu ambaye hajawahi kukaa na watu wa namna hii hawezi kubuni hiyo adabu, ataandika ngumi. Na safari ya kwanza ya kuswaga ndo inanimaliza kabisa, asubuhi kijana kajawa na furaha, anaimba, anajiona ameshakuwa mwanaume, mchana jua na vumbi vinamkausha, miguu imechubuka kwa tandiko, usingizi unamwangusha, alafu inakuja mvua ya baridi, poncho, lile blanketi la kuvaa, inalowa mpaka inakuwa mzigo, na mkubwa wake hambembelezi wala hamsemi, anamwambia tu "jikaze, kijana". Ukisoma kurasa hizo unajua nani alishawahi kukaa juu ya farasi siku nzima na nani alisoma kwenye gazeti. Kuna sehemu nyingine wanafika pwani kwenye tope la kaa, ng'ombe akiingia pale anazama na kaa wanamla, na jua likizama wale kaa wote wanasimama kimya wamekunja mikono yao myekundu kifuani kama wanasali. Mambo kama hayo lazima ukae sana na watu wanaoyajua.

Alafu angalia ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa kumtunuku mtu kitabu. Anaanza na Don Segundo, anawataja marehemu, anawataja wafundishaji farasi na waswagaji kwa majina yao kamili mmoja mmoja, wengi tu, watu ambao magazeti ya Buenos Aires yasingewataja hata wakifa. Mwisho anasema na kwa gaucho, yaani mchunga ng'ombe wa mbuga za Argentina, ninayembeba ndani yangu, kama kitu kitakatifu. Mtoto wa meya huyo. Anakiri waziwazi alisomeshwa na waliokuwa wanamfanyia kazi baba yake, na kwangu mimi hicho ndo kinampa haki ya kuandika, deni amelitaja hadharani kwa majina.

Alipokwama sasa. Kwenye kitabu kizima ni kama hakuna anayegombana na bosi kuhusu mshahara. Mwenye ranchi Don Leandro Galván ni mwema, anaheshimika, baadaye ndo anakuwa mlezi wa kijana. Wakati huo huo, 1921 na 1922, kule kusini mkoa wa Santa Cruz vibarua wa ranchi za kondoo waligoma wakidai mambo madogo kabisa, sehemu ya kulala yenye staha na mishumaa, na jeshi chini ya Luteni Kanali Varela likawapiga risasi, waliouawa ni mamia. Güiraldes alikuwa anaandika habari za watu wa mashambani miaka hiyo hiyo na hakuna hata mwangwi wake. Wakosoaji wa Argentina wamemkaba kwa hilo, wamesema hiki ni kitabu cha mwenye ranchi anayemkumbuka mtumishi vile anavyopenda yeye, na mi nakubali wana hoja. José Hernández yeye alipoandika shairi lake refu Martín Fierro mwaka 1872 alionyesha gaucho anakamatwa kwa nguvu, anapelekwa mpakani kupigana na wenyeji wa asili, halipwi, anarudi anakuta nyumba hakuna na familia imetawanyika. Hiyo Güiraldes hakuigusa. Pia ile dunia ya kuswaga ng'ombe siku kumi ilikuwa inaisha, seng'enge zilishafunga mbuga na treni ndo ilikuwa inabeba ng'ombe, kwa hiyo anaandika kitu kinachoondoka, na mtu akikumbuka kilichoondoka anakisafisha kidogo.

Ila msikimbilie kufunga kesi, kuna mwisho wa kitabu. Kijana anapata barua kwamba baba yake alikuwa tajiri, kafa, kamwachia ranchi na jina. Wengi wangeandika sherehe hapo. Yeye anaumia, anakasirika, anaona amenyang'anywa maana mswagaji hana mali na yeye sasa ni bosi, hata wenzake wanaanza kumwangalia tofauti. Don Segundo anakaa naye pale ranchini miaka mitatu kisha anasema anaondoka, hagombani wala hamlaumu, njia tu inamwita. Kijana anamsindikiza kwa macho mpaka anaishia kilimani, na anageuka kurudi nyumbani, anasema, kama mtu anayevuja damu. Mimi naamini hapo mwandishi alijisema mwenyewe, kwamba yule mwalimu alimpa kila kitu isipokuwa uwezo wa kuwa kama yeye, na kilichowatenganisha ni ile mali. Mshahara hakuuandika, lakini ukuta kati ya bosi na kibarua aliujua na aliuweka pale mwishoni ambapo huwezi kuuruka.

Kwa anayetaka kukisoma, kuna tafsiri ya Kiingereza ya Harriet de Onís ya mwaka 1935. Msiruke zile kurasa ndefu za farasi na kamba mkidhani hakuna kinachotokea, na mkimaliza tafuteni Martín Fierro msome mara moja baada yake, wakati waswagaji wa Areco bado mnawakumbuka vizuri.